Mafuta ya Mwili Yanapohama



Sisi wa milima ya Uluguru tunatazamana sana. Njia zetu ni nyembamba. Anayeshuka hukutana na anayepanda, wakasalimiana uso kwa uso. Mtu akikonda, tunaona. Akinenepa, tunaona. Kisha tunaanza kusema. Leo tutasoma juu ya mabadiliko ya mwili yaliyosemwa sana kabla hayajaeleweka.

MFANO WA MAMA SALIMA

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Lakini mambo yaliyomo yaliwapata watu wengi.

Mama Salima ni mkulima wa ndizi upande wa Kinole. Mwaka 2005 aliugua sana. Akapimwa, akaonekana ana virusi vya UKIMWI, yaani VVU. Akaanza kumeza dawa za kupunguza makali ya VVU. Mpango wa taifa wa kutoa dawa hizo bila malipo ulikuwa umeanza mwaka 2004. Afya yake ikarudi. Homa zikakoma. Akabeba tena mikungu ya ndizi hadi gulioni.

Mwaka 2008 mwili wake ukaanza kubadilika. Mashavu yakabonyea. Mikono na miguu ikawa myembamba, na mishipa ikaonekana kama kamba chini ya ngozi. Makalio yakaisha. Lakini tumbo likakua, na nyuma ya shingo pakaota kitu kama nundu ya ng'ombe. Hata hivyo hakuwa na homa, na jembe alilishika kama kawaida.

Watu wakasema. Wengine walisema ana mimba. Wengine walisema ugonjwa umerudi. Wengine walisema amerogwa. Mjomba wake akamwita. Kwetu neno la mjomba ni zito, kwa kuwa ukoo hufuata upande wa mama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Vidonge hivyo ndivyo vinavyokula mwili wako. Viache."

Je, mjomba alisema kweli? Alisema nusu ya kweli. Ndiyo maana neno lake lilikuwa la hatari.

KAZI YA MAFUTA MWILINI

Mafuta ya mwili si uzito wa bure. Ni ghala. Tukila zaidi ya mahitaji yetu, mwili huweka akiba chini ya ngozi, kama sisi tunavyoweka mahindi darini. Siku ya njaa akiba hiyo hutolewa. Mafuta pia hutukinga na baridi, na makalioni ni mto wa kukalia.

Mafuta yana kazi nyingine. Mwaka 1994 watafiti wa New York, Marekani, waligundua kemikali iitwayo leptini. Leptini hutoka kwenye mafuta na kuupelekea ubongo habari kwamba akiba ipo.

Wapo watu wachache sana wanaozaliwa karibu bila ghala hili. Hula, wala hawashibi, kwa kuwa ubongo haupati habari. Mafuta ya chakula hukosa mahali pa kukaa, yakajaa kwenye ini na kwenye damu. Wengi wao hupata kisukari mapema. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walieleza kwamba wagonjwa wa namna hiyo, walipochomwa sindano za leptini, sukari na mafuta katika damu yao vilipungua.

Ghala la mafuta likiharibika, au mafuta yakipungua mahali pake na kujaa pasipo pake, waganga huita hali hiyo lipodistrofia. Mtu anaweza kuzaliwa nayo. Anaweza pia kuipata baadaye, kama Mama Salima.

DAWA ILIHAMISHAJE MAFUTA?

Mwaka 1998 madaktari wa Sydney, Australia, walieleza juu ya hali hii kwa watu waliokuwa wakitumia dawa za VVU. Kwanza walishuku dawa za aina moja. Baadaye ilionekana pia kwa watu wasiotumia dawa hizo. Uchunguzi uliendelea, na dawa iitwayo stavudini ikaonekana kuwa na sehemu kubwa katika kukondesha uso, mikono na miguu. Miaka ile stavudini ilitumika sana katika nchi zetu. Bei yake ilikuwa nafuu, na iliokoa maisha ya watu.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya chembe hizo mna kitu tunachoweza kukifananisha na meko. Meko hayo huunguza chakula na kutoa nguvu. Stavudini huzuia virusi visizaliane. Lakini huvuruga pia utengenezaji wa meko mapya. Chembe za mafuta za usoni, mikononi na miguuni zikakosa nguvu, zikafa. Kujaa kwa tumbo na shingo kuna sababu nyingine pia, si hiyo peke yake.

WATAFITI WALIJUAJE?

Mkulima akitaka kujua kama samadi inafaa, hugawa shamba lake mara mbili. Mbegu ni ile ile na mvua ni ile ile. Nusu moja hutia samadi, nusu nyingine hatii. Kisha hulinganisha mavuno. Watafiti wa afya hufanya vivyo hivyo.

Mwaka 2002 watafiti wa Australia na wenzao walitoa taarifa ya watu 111 waliopungukiwa mafuta. Waligawanywa kwa bahati, kama kura. Kundi moja lilibadilishiwa dawa. Kundi la pili liliendelea na dawa za zamani. Baada ya wiki 24 walipimwa kwa mashine. Waliobadilishiwa walikuwa wamerudisha mafuta ya mikono na miguu kuliko wenzao. Lakini yaliyorudi yalikuwa kidogo, chini ya nusu kilo kwa wastani. Tunajifunza kwamba mafuta yakipotea hurudi polepole. Basi ni vema kuwahi.

Jirani zetu wa Rwanda nao walifanya utafiti, na taarifa yake ilitolewa mwaka 2008. Watu 100 wanaotumia dawa za VVU, ambao mafuta yao yalikuwa yamehama, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya mwili kwa miezi sita. Kundi la pili halikufanya. Waliofanya mazoezi viuno vyao vilipungua unene. Hawakuhitaji kuacha dawa ili kupata faida hiyo.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziache stavudini hatua kwa hatua. Siku hizi watu wazima wengi wenye VVU nchini Tanzania humeza kidonge kimoja kwa siku, na stavudini haimo. Kidonge hiki nacho huwanenepesha baadhi ya watu. Utafiti wa Johannesburg, Afrika ya Kusini, uliotolewa taarifa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wanaotumia dawa ya dolutegraviri waliongezeka uzito, hasa wanawake. Unene huo ni wa mwili mzima. Si sawa na mafuta kuhama.

MAMA SALIMA ALIFANYA NINI?

Mama Salima hakubishana na mjomba. Lakini hakuviacha vidonge. Alifunga safari hadi kliniki, akamwonyesha muuguzi mikono yake.

"Umefanya vema kuja, mama," muuguzi alimwambia. "Ungeacha dawa, virusi vingepata nguvu tena. Dawa hubadilishwa, haiachwi."

Daktari alimpima, akambadilishia dawa. Baada ya mwaka mmoja miguu ilikuwa haikondi tena. Tumbo lilipungua kidogo. Mashavu hayakurudi kama zamani.

"Mbona uso ni ule ule?" mjomba aliuliza.

"Uso ni ule ule, mjomba. Lakini mimi nipo, na shamba la ukoo linalimwa."

Mjomba alinyamaza. Mwezi uliofuata ndiye aliyemkumbusha tarehe ya kliniki.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Usiache dawa mwenyewe kwa sababu mwili umebadilika. Nenda kliniki, ueleze.

2. Eleza mapema. Bangili zikilegea na suruali ikibana tumboni kwa wakati mmoja, hiyo ni dalili ya kumwonyesha mganga.

3. Wenye kisukari wanaojichoma insulini wasichome mahali pale pale kila siku. Hapo huota uvimbe wa mafuta. Insulini ikichomwa kwenye uvimbe huingia mwilini bila mpango, na sukari hupanda na kushuka. Badili mahali kila mara.

4. Ukiombwa kuingia katika utafiti, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kuuliza, ya kukataa, na ya kutoka katikati bila kunyimwa matibabu yako. Tanzania inayo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Moja ya kazi zake ni kuangalia kwamba utafiti wa afya unafuata utaratibu.

5. Tuchunge midomo. Neno linalosemwa njiani laweza kumfanya mgonjwa aache dawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mjomba alisema nusu ya kweli. Ni nusu ipi? Ni nusu ipi aliyoikosa?

2. Kwa nini watafiti waliwagawa watu makundi mawili?

3. Taja kazi tatu za mafuta mwilini.

4. Ukimwona jirani yako amebadilika mwili, utamwambia nini? Utanyamazia nini?