Namna ya kuchagua ordinateri ya kubeba

Mwenye kununua ordinateri ya kubeba apime mambo matatu.

1. Nguvu. Kwa kuandika mahubiri na masomo, kumbukumbu ya GB 8 na disiki ya SSD zinatosha.

2. Kutengenezwa. Hili ndilo kubwa. Katika Lubumbashi umeme unakatika mara kwa mara, na batri ndiyo inachoka mbele. Basi, umuulize fundi mbele ya kulipa: batri inatoka? Kumbukumbu inabadilika, ama imegandishwa juu ya bamba? Katika MacBook Pro ya Retina, iliyotoka 2012, imegandishwa. ThinkPad T480 ya 2018 inakubali kubadilishwa kumbukumbu, disiki na batri.

3. Bei. Ugawanye bei kwa miaka ya kazi. Mashini ya dola 120 ikifa kisha miaka 2, ni dola 60 kwa mwaka. Ya dola 200 ikidumu miaka 5, ni dola 40. Uulize tena kama inapokea Windows 11, kwani Microsoft iliacha kulinda Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama haipokei, Linux ni ya bure.

Feza ya parokia ni jasho la waamini. Tusinunue mashini isiyofunguka.