Miiko, Maadili na Takrima: Serikali katika Kuunda Mwenendo wa Raia

Inapoulizwa kama serikali yaweza kumfinyanga raia mwadilifu, aghalabu hutazamwa shule na mahakama. Mhadhara huu unatazama msamiati, kwa kuwa serikali itakayo kubadili mwenendo wa watu haina budi kwanza kuyapa majina mema na maovu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni, au kupangisha nyumba. Masharti hayo yakaitwa miiko ya uongozi. Jina lilifaa sana. Mwiko wa jadi hauhitaji askari, kwani anayeuvunja huamini kuwa amejidhuru mwenyewe. Hata hivyo, jadi haikuwahi kuwa na mwiko wa nyumba ya kupangisha. Mwiko uliowekwa na kikao huweza kuondolewa na kikao, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 1991, pale Azimio la Zanzibar lilipoyalegeza masharti hayo. Sheria ya mwaka 1995 ikaleta neno maadili, pamoja na fomu za kutangaza mali. (Adili ni jambo la dhamiri, sijui fomu yaweza kulifikia kwa kiasi gani.)

Mfano wa takrima una uzito zaidi. Takrima ni ukarimu anaotendewa mgeni. Mwaka 2000, Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ili kumruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, kwa hoja kwamba hiyo ni desturi yetu. Lakini tuichunguze maana. Afikapo kijijini kuomba kura, mgombea ndiye mgeni. Hapa mgeni ndiye aliyetoa, na wenyeji wakapokea. Neno lilibaki lilivyo, uhusiano uliomo ndani yake ukapinduliwa. Raia aliyefundishwa kwa miaka mingi kwamba rushwa ni adui wa haki akapewa, na sheria yenyewe, jina la heshima la kuipokelea.

Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba: vilimbagua mgombea asiye na uwezo. Vifungu vikaondoka. Neno, kwa upande wake, lilikwisha kuingia katika kejeli za mitaani kwa maana ya hongo, na mtunga kamusi wa leo hana budi kuamua kama maana hiyo ya pili ataiingiza.