Picha Zilizokosa Mlango

Juzi nilikuwa Mangapwani. Kijana anayetembeza wageni kwenye chumba cha chini ya ardhi, kinachosimuliwa kuwa kilifichia watumwa baada ya soko la mjini kufungwa mwaka 1873, alinionyesha tovuti yake: maneno yapo, picha hakuna. Wageni huangalia, huondoka.

Fundi niliyefuatana naye akacheka. Tovuti ile imejengwa kwa Express, na Express husoma maagizo kwa mpango yalivyoandikwa, kutoka juu. Ukurasa hutengenezwa na agizo lake; picha hutolewa tu kama ilivyo kutoka folda iliyotajwa. Kijana, baada ya kurasa zake, aliandika agizo la kujibu kila ombi lililobaki: “Hakipo.” Folda akaitaja chini yake. Ni sawa na bawabu anayewarudisha watu kabla hawajafika dukani.

Mstari wa folda ukapandishwa, picha zikatoka. Lakini, jamani, folda aliyoifungua ilikuwa ya kazi nzima, na ndani mna orodha ya wageni na namba zao za pasipoti! Mwenye kuotea jina la faili angeisoma. Hapo fundi hakucheka tena. Picha zikahamishiwa folda yao peke yake, na hiyo ndiyo iliyotajwa.