Kuifufua Injini Iliyokufa

Injini ya gari kuukuu mara nyingi huuawa na joto au na ukosefu wa oili. Maji yakivuja kwenye rejeta na gari likachemsha, hedi ya alumini hutanuka karibu mara mbili ya bloku ya chuma iliyo chini yake. Hedi hupinda, gasketi huungua, na maji hupenya kwenye oili hadi ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Oili ikipungua, tabaka laini la beringi za krenkshafti huchubuka na injini huanza kugonga. Dereva asiposimama, konrodi hukatika na kutoboa bloku.

Bloku iliyotoboka kwa kawaida haina maisha tena. Nyingine nyingi hufufuka, na mfano mzuri ni 4A-FE, injini ya cc 1,587 yenye silinda 4 na valvu 16, iliyofungwa kwenye Toyota Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, kwa hiyo huvumilia kuchongwa upya. Njia ya mkato ni kununua injini nyingine iliyotumika, lakini mnunuzi hununua pia historia asiyoijua.

Wakati wa kufungua, kila kipande huwekewa alama. Vifuniko vya beringi kuu havibadilishani nafasi, kwa sababu vilichongwa vikiwa vimefungwa kwenye bloku yao. Hapa ndipo chanzo cha kifo kinapotafutwa, hatua ambayo gereji nyingi huiruka kwa haraka ya kurudisha gari barabarani. Beringi zote zikiwa zimelika, mashaka huangukia pampu ya oili, chujio lake au oili yenyewe. Ikiwa imelika moja tu, huenda njia yake ya oili imeziba. Injini iliyofungwa upya na kurudishiwa rejeta ileile iliyoziba itachemsha tena.

Kisha huja vipimo, na hivyo ndivyo moyo wa kazi yote. Silinda ya 4A-FE ikiwa mpya ina kipenyo cha mm 81. Hupimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokingamana, kwa kuwa hailiki sawasawa: sehemu ya juu, ringi zinapogeukia, ndiyo huumia zaidi, na polepole tundu hupoteza uduara wake. Silinda iliyolika kupita kiasi au yenye mikwaruzo hupanuliwa kwa mashine hadi mm 81.5, na pistoni hununuliwa za kipimo hicho. Kutia ringi mpya ndani ya silinda isiyo duara ni kupoteza fedha ya mwenye gari, maana moshi utarudi. Krenkshafti nayo husagwa, ikavalishwa beringi nene zaidi. Hedi hulazwa chini ya rula iliyonyooka. Ikiwa imepinda zaidi ya mm 0.05, hupelekwa kusawazishwa.

Baada ya kuchongwa, bloku huoshwa kwa maji ya moto yenye sabuni, na njia za oili husuguliwa kwa brashi nyembamba. Unga wa chuma ukibaki humo utazila beringi mpya katika dakika za mwanzo.

Wakati wa kufunga, kila beringi hupakwa oili, na krenkshafti huzungushwa kwa mkono kila kifuniko kinapokazwa. Ikiwa nzito, kazi husimama mpaka sababu ijulikane. Bolti za hedi hukazwa kuanzia katikati kuelekea nje kwa spana ya kipimo: kwanza Nm 29, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine. Mkono wa fundi, hata mzoefu, hauwezi kukisia vipimo hivyo.

Kabla ya kuwasha, plagi hutolewa na injini huzungushwa kwa stata hadi taa ya oili izimike. Siku za mwanzo gari huendeshwa kwa mwendo unaobadilika, bila mzigo mzito na bila kuachwa likinguruma muda mrefu limesimama, ili ringi zikae vizuri kwenye kuta za silinda. Oili ya kwanza na filta yake hubadilishwa kati ya kilomita 500 na 1,000. Filta hiyo ya zamani inafaa kupasuliwa: vipande vinavyong'aa vikiwa vingi kwenye karatasi yake, beringi hufunguliwa na kukaguliwa kabla injini haijaanza kugonga tena.