Kabla ya kununua boila ya korosho, uliza moto wake

Wakulima wa Kikoneni wakitaka kubangua korosho wenyewe badala ya kumuuzia mchuuzi zikiwa ghafi, lazima wafikirie boila. Korosho hupikwa kwa mvuke kwanza, ndipo ganda lipasuke bila kuvunja kiini. Wengi huuliza ukubwa wa tangi na bei yake. Bana, yaani ile sehemu inayotoa moto, hukumbukwa mwisho. Naona ndiyo ya kuulizwa kwanza, maana tangi hulipiwa mara moja na moto hulipiwa kila siku.

Bana ya dizeli ina pampu inayosukuma mafuta kwenye nozeli yenye tundu dogo mno, yatoke kama ukungu, na feni ya kuleta hewa. Huwaka kwa swichi na kujizima mvuke ukitosha. Raha tupu, ila uchafu kidogo tu huziba nozeli, na stima ikipotea kila kitu kinasimama na korosho ziko nusu.

Za gesi ni aina mbili. Moja ina feni, kwa hiyo nayo inategemea stima. Nyingine huvuta hewa yenyewe, kama meko ya nyumbani. Kilo 1 ya gesi ina joto la karibu kilo 3 za kuni kavu, hivyo mtungi wa kilo 13 ni sawa na kilo 40 hivi za kuni. Piga hesabu kwa bei za dukani kwenu, na nauli ya mtungi ndani yake. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, basi chumba kiwe na matundu chini pia.

Kuni hazina bana, huwekwa juu ya wavu wa chuma na hewa hupita chini. Kuni mbichi huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto mwingi huishia kuyakausha. Masizi nayo hushika kwenye mabomba na kuzuia joto lisifike majini. Tena kuni hazizimwi kwa swichi, kwa hiyo mtu asibanduke hapo, na vali ya usalama iwe nzima.

Na maganda ya korosho? Boila za viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa, mbona sisi tusichome maganda? Ni kwa sababu yana mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake ni mkali. Yanataka tanuri lenye joto na hewa nyingi, si wavu wa kawaida kando ya nyumba za watu.

Kwa kikundi kinachoanza ningechagua kuni zilizokauka vizuri, za mivinje ya kupandwa au matawi ya mikorosho yanayopogolewa. Msitu wa Kaya Mrima usiguswe. Kisha dai cheti cha ukaguzi: sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka boila ya mvuke ipimwe na mkaguzi aliyeidhinishwa, hata ikiwa ya mtumba.