Doli wa Hindi, Shanga za Agosti

Mahindi yanapotoa ndevu katika mashamba yanayoizunguka Kanduyi, Bungoma, mwenye shamba huanza kukuta mabua yaliyonyofolewa mahindi machanga. Atalaumu ngedere, lakini akichungulia nyuma ya jiko atawakuta wasichana wameketi, kila mmoja na hindi mapajani. Zile ndevu ndizo nywele: husukwa mistari, zikafungwa uzi kwenye ncha, na hindi likabebwa mgongoni kwa kipande cha leso. Mtoto huyu hazeeki taratibu. Ndevu zikinyauka kesho yake, shambani kunarudiwa.

Wenye subira hutengeneza wa kudumu. Magome makavu ya mgomba huloweshwa kidogo yalainike, yakakunjwa kuwa kichwa, kisha shingo ikakazwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Kijiti kinachopitishwa kifuani huwa mikono. Nguo hutoka kwa fundi cherehani wa sokoni, kwani chini ya meza yake hakukosekani vipande vya kitenge, bitana ya suti na vitambaa vya sare za shule. Ndiyo sababu doli wa Kanduyi huenda na mtindo wa mjini: kitenge cha mabega yaliyofura kikionekana harusini Jumamosi, baada ya siku mbili tatu naye anacho. Yupo pia doli wa plastiki aliyeshuka na mtumba, nywele zimevurugika na macho yamefutika. Huogeshwa kwa sabuni, akachorwa nyusi upya kwa kalamu ya wino, midomo kwa rangi ya kucha, na gauni lake la ugenini likabadilishwa.

Kwa hiyo anayetafuta mavazi ya mababu wa Wabukusu, wenyeji wa Bungoma, hatayapata kwa doli wa watoto. Hayo huvaliwa na mtu hai, tena kwa siku chache tu.

Agosti ya kila mwaka wenye namba shufwa, Bungoma na sehemu za Trans Nzoia huingia msimu wa tohara. Omusinde, yaani kijana ambaye bado hajatahiriwa, huzunguka kwa jamaa kuwaalika. Mikononi ana chinyimba, njuga za chuma anazozigonga kwa mdundo unaosikika kabla hajafika uani. Kifuani shanga zimepishana, nyingi zikiwa za kuazima kwa dada na mashangazi, na kila uzi una mwenyewe anayeutambua. Anayejua kusoma shanga hizo huona ukoo uliosimama nyuma ya kijana. Kwa mjomba wake, khocha, hupokelewa kwa mnyama wa kuchinjwa, na nyama huvikwa shingoni mwake arudi nayo nyumbani. Hilo nalo ni vazi, ingawa hakuna fundi awezaye kulishona.

Kisha alfajiri ya siku yenyewe mapambo yote huvuliwa mtoni. Kijana huoga maji ya baridi na kupakwa litosi, tope la mtoni, kuanzia kichwani, halafu nyasi ndefu ikasimikwa utosini. Wakati kundi linarudi mbio likiimba Sioyaye, tope limeanza kukauka na kupauka kwenye mabega. Hapo huwezi kumtofautisha mtoto wa mwalimu na wa bodaboda.

Shanga za siku hizi ni za plastiki, kaptura ya michezo imechukua nafasi ya ngozi, na vuvuzela imejipenyeza kati ya chinyimba. Wako wazee wanaonung'unika. Lakini shanga za kioo nazo zililetwa na wafanyabiashara, na hakuna aliyezirudisha. Hasara iko kwingine: uzi ulionunuliwa dukani hauna dada wala shangazi aliyeuazima.

Safiri hadi Kitale uone njia nyingine ya kutunza mavazi. Makumbusho ya mji huo yalianza kama mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham mwaka 1926, yakafunguliwa mahali yalipo sasa mwaka 1974, na uani mwake zimejengwa nyumba za jamii za eneo hilo, ya Wabukusu ikiwemo. Kitale ndiyo lango la kwenda Lodwar, na huko Turkana doli ndiye mtunzaji hasa. Mwili wake ni tunda la mkoma, gumu na jekundu la kahawia. Huvishwa ngozi mbele na nyuma, akajazwa shanga shingoni kama mama yake. Wasichana humchezea, na wanawake hubeba wa namna hiyo wakiomba uzazi. Kule Uzaramoni, karibu na Dar es Salaam, mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, kinyago cha mti kisicho na mikono wala miguu, akawa anakiogesha na kukipaka mafuta kama mtoto.

Bungoma ina mafundi wote wanaohitajika kutengeneza doli wa kutunza mavazi: wasusi wa migomba, mafundi cherehani, wahunzi wa jua kali. Walimu wa mtaala wa umilisi nao hutafuta kila muhula kitu cha kuwatengenezesha wanafunzi kwa vifaa vya nyumbani. Basi msimu ujao wa Agosti wasiwaagize wazazi kadi za rangi na gundi ya dukani. Wawatume watoto kwa bibi zao waulize uzi gani ulivaliwa wapi, kisha wamvishe doli wa mgomba shanga hizo, na wampake tope la mtoni.