Shilingi Moja ya Setilaiti

Aprili 15, 2023, roketi ya Falcon 9 iliruka kutoka California ikiwa na mizigo ya watu wengi, na kati yake setilaiti ya Kenya, Taifa-1. Gharama iliyotangazwa ilikuwa shilingi milioni 50. Gawanya kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa mwaka 2019, utakuta kila mmoja wetu alichanga shilingi moja na senti tano. Kwa bei hiyo ni vigumu kunung'unika. Lakini urahisi wa bei haujawahi kuwa sababu tosha ya kununua kitu. Kwanza uliza kama jirani anakigawa bure.

Na kweli anakigawa. Tangu 2008 Marekani inatoa picha za Landsat bila malipo, na Ulaya inatoa zile za Sentinel-2, ambazo hupigwa kila baada ya siku 5 hivi. Nilizifungua zote mbili kutafuta shamba la mama huko Mwingi, robo ekari tu. Kwenye Landsat kila nukta ni mita 30 kwa 30, kwa hiyo shamba zima lilikuwa nukta moja iliyochanganyika na ya jirani. Kwenye Sentinel-2, ambako nukta ni mita 10 kwa 10, zilitokea kama kumi, nikaona wazi upande wa mahindi uliokuwa umenyauka na upande wa mbaazi uliobaki kijani. Nililipia bando la simu, basi. Nilipotaka picha ya Novemba, vuli ikiwa imeshika, niliona wingu jeupe juu ya kijiji kizima.

Wingu hilo lingeizuia Taifa-1 vilevile, kwa sababu nayo ina kamera ya kawaida. Kinachopenya mawingu ni rada, na picha za rada za Sentinel-1 nazo ni za bure. Shida ni kwamba ukizitazama bila mafunzo utaona chengachenga tu.

Kwa kuwa picha zipo tayari, hesabu yangu inaanzia ardhini. Marsabit, mwaka 2010, ilianza bima ya mifugo inayotegemea picha za angani. Setilaiti inapima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mfugaji analipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Mwaka 2015 serikali ikaanza mpango wake wa aina hiyo, ikiwalipia ada wafugaji maskini wa kaskazini. Hakuna setilaiti ya Kenya iliyohusika. Kazi ngumu ilikuwa kuweka viwango, kuwaeleza watu kwa lugha zao, na kuhakikisha fedha zinafika. Huko ndiko ningepeleka shilingi yangu ya kwanza.

Ya pili, hata hivyo, ningeipa setilaiti ndogo, na sioni haya kusema hivyo. Ukijani wa aina hiyo umepimwa kwa miaka mingi na vyombo vya Marekani, Terra na Aqua, vilivyorushwa 1999 na 2002. Vimezeeka. Mwenye chombo ndiye anayeamua kitarithiwa na kipi, nasi hatuna kura. Taifa-1 haiwezi kujaza nafasi yao, ni chombo kidogo mno. Ilichotununulia ni wahandisi wa SayariLabs waliokaa meza moja na EnduroSat ya Bulgaria wakaunda chombo hadi kikaruka. Kabla yao, mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kijisanduku chake cha sentimita 10 kila upande, kilichoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga kwa msaada wa Japani. Hii ni karo ya ufundi, na ni nafuu.

Setilaiti kubwa ya mawasiliano nisingeinunua. Nigeria ilirusha yake Mei 2007, iliyoundwa na Wachina. Novemba 2008 ikapoteza umeme wake wa jua, ikafa. Mbadala ulipatikana Desemba 2011 kwa sababu walikuwa wameikatia bima. Huduma ile unaweza kuikodi kwa mwenye chombo, na kikiharibika hasara ni yake.

Sisi Wakenya tunajua pia tofauti ya kukodisha uwanja na kujifunza kazi. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, Waitalia walirusha setilaiti ya Kimarekani kutoka jukwaa lililo baharini Ngomeni, karibu na Malindi, ikabatizwa Uhuru. Jina lilikuwa letu, ujuzi haukuwa wetu. Ilipita zaidi ya miaka 47 kabla ya kijisanduku cha Nairobi.

Siku nilipomwonyesha mama shamba lake kwenye simu, aliligusa kwa kidole, akalitambua kwa mkuyu ulio mpakani. Kisha akauliza kama picha hiyo ingeweza kumwambia mapema kwamba ule upande wa mahindi umeanza kushikwa na kiu. Ingeweza, mawingu yakiruhusu. Hakukuwa na mtu wa kumtumia ujumbe.